Salme, binti wa Sultani aliyeacha mashamba akabaki na vito

Hebu nikuulize swali kabla hatujaanza. Mtu akitoka nyumbani bila kuaga, akaolewa na mtu ambaye familia haimtaki, akabadilisha hata dini, je, bado ana haki ya herini za mama yake?

Swali hili sikulitoa hewani. Kogo wangu alizikwa mwaka jana karibu na Silibwet, kule Bomet. Kama wewe si wa huku, kogo ndiye nyanya. Alikuwa na ekari moja ya majani chai, na kila bonasi ikiingia alikuwa ananunua kitu kimoja cha kukaa. Mwaka huu mabati, mwaka ule ndama. Mwaka mmoja, sijui nini kilimwingia, akapanda matatu hadi Kericho mjini akanunua herini za dhahabu. Ndogo sana, punje ya mahindi ni kubwa kuliko hizo. Baada ya mazishi shangazi zangu wanne waliketi jikoni kugawana vitu vyake. Sufuria, blanketi, leso, kila kitu kiligawanywa kwa amani mpaka zikafika zile herini. Shangazi wa tatu aliondoka zamani, akaolewa mbali sana na huku, na wenzake wakasema hana fungu hapa. Maze, kelele zilizotokea hapo, hata majirani waliacha kuchuna chai.

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na kikombe, nikamkumbuka Salme.

Nilimjua Salme nikiwa chuoni, kabla sijaacha masomo mwaka wa pili kwa sababu ya karo. Masomo yenyewe yameshaanza kunitoka kichwani, lakini huyu mwanamke hajanitoka. Alikuwa binti wa Sultani wa Zanzibar, na kisa chake kimejaa dhahabu, dada, mama na mirathi. Watu hupenda kumweleza kama hadithi ya mapenzi, binti mfalme na Mzungu, basi. Mimi naona mapenzi ni sehemu ndogo. Kisa kikubwa ni nani alimpa nini, na nani alimnyima.

Salme alizaliwa tarehe 30 Agosti 1844 katika jumba la Mtoni, ufukweni, kaskazini kidogo ya mji wa Zanzibar. Baba yake ni Sayyid Said bin Sultan, aliyetawala Oman na Zanzibar kwa pamoja, na ndiye aliyeufanya Unguja uwe kisiwa cha karafuu. Mama yake aliitwa Jilfidan. Huyu mama alikuwa Mcherkesi, kutoka milima ya Kaukasi. Alitekwa vitani akiwa mtoto mdogo, akauzwa, akafika katika nyumba ya Sultani, akalelewa humo, na baadaye akawa suria wake. Suria hakuwa mke wa ndoa, lakini watoto wake walikuwa huru na halali kabisa, tena wenye haki ya kurithi kama wale wa mke. Kwa hivyo binti wa mwanamke aliyenunuliwa sokoni aliitwa Sayyida, na kila mtu alimwamkia kwa heshima.

Jumba la Mtoni lilikuwa kama mji. Mke mkuu wa Sultani, Azze binti Sef, hakuwa na mtoto, lakini ndiye aliyekuwa na sauti ya mwisho kwa kila kitu humo ndani. Chini yake kulikuwa na masuria wa Kicherkesi, Kihabeshi na wengine, watoto wao, watumwa na matowashi. Usidhani walikuwa wanapendana wote. Watoto waliozaliwa na mama Wacherkesi, weupe, waliitwa paka na wenzao, eti kwa sababu ya macho yao. Utani, lakini wa kuuma. Kwa nyumba ya namna hiyo, maneno matamu hayatoshi kumwonyesha mtu kwamba uko upande wake. Lazima kuwe na kitu cha kushika mkononi.

Na vitu vilikuwepo. Mtoto wa kike alianza kuvaa vito kabla hata ya kukaa. Akiwa na siku chache tu masikio yalitobolewa, matundu sita kila sikio, yakatiwa uzi mwekundu wa hariri mpaka yapone, halafu zikaja pete za dhahabu. Akifika siku arobaini alipewa bangili, mitali ya miguuni na hirizi. Angalia hapo. Binti alikuwa na mali yake mwilini kabla ya kuwa na meno. Na mali ya mwanamke katika sheria ya Kiislamu ni yake. Mume hana ruhusa ya kuigusa, na kaka pia.

Kila mwaka Sayyid Said alituma meli zake nje zikiwa na karafuu na mazao mengine, hadi Marseille, Bombay na China. Manahodha walipewa orodha ya kila kitu kilichohitajika nyumbani. Meli zikirudi, jumba zima lilichanganyikiwa. Matowashi walibeba mafungu ya kila mtu kwa siku kadhaa, vitambaa, manukato, vito, saa, vitu vya kuchezea watoto. Halafu sasa, sehemu ninayoipenda, wanawake waliketi sakafuni wakaanza kubadilishana. Wewe umepata hariri nyingi, mimi nimepata lesi, tukate. Huyu hakufurahia fungu lake, yule anampoza na kitu. Ukitaka kujua nani ni rafiki ya nani, ungeangalia tu vitambaa vinaelekea wapi.

Idi ndiyo ilikuwa kilele. Hina usiku kucha, nguo mpya siku tatu mfululizo, kila siku vazi lake kamili kuanzia kichwani hadi miguuni. Sultani mwenyewe aliingia katika chumba cha hazina kuchagua zawadi. Hapo ndipo wivu ulipoanza, kwa sababu kila mtu alipima alichopata kwa macho ya mwenzake. Aliyepimwa zaidi ya wote ni Khole, mmoja wa binti wakubwa, mzuri wa sura na kipenzi cha baba. Khole alipendelewa waziwazi, na nyumba nzima ilijua. Dada zake wengine hawakumsamehe kwa hilo. Salme, mdogo kwake kwa miaka mingi, yeye alimpenda kupita kiasi. Weka jina hilo kichwani, Khole, tutarudi kwake.

Kuna zawadi nyingine iliyotolewa kati ya wanawake wa jumba hilo ambayo haikuwa ya dhahabu, na kwangu mimi ndiyo kubwa kuliko zote. Jilfidan alikuwa na rafiki aliyeitwa Sara, Mcherkesi mwenzake. Wawili hawa walikubaliana kwamba mmoja akifa, aliyebaki atakuwa mama wa watoto wa mwenzake. Sara akafa kwanza. Akaacha Majid na binti yake Khadija. Jilfidan alitimiza ahadi. Majid alipofikia umri wa kuwa na nyumba yake, Jilfidan alimchukua Salme, aliyekuwa na miaka kama saba, wakahama Mtoni kwenda kukaa na watoto wa Sara huko mjini. Fikiria hilo. Wanawake wawili waliouzwa mbali na kwao, hawana ukoo, hawana shangazi wala mjomba, wakaamua kurithishana watoto. Hakuna kadhi aliyeandika wosia huo, na bado ulitekelezwa.

Mwaka 1856 Sayyid Said alifia baharini akirudi kutoka Oman. Aliacha watoto 36 walio hai. Oman ilibaki kwa Thuwaini, na Zanzibar ikaenda kwa Majid, yule yule mtoto wa Sara. Mali ya binafsi ikagawanywa kisheria, mwana wa kiume fungu mbili, wa kike fungu moja. Salme alikuwa na miaka 12 tu. Akahesabiwa mtu mzima, akapewa shamba lenye nyumba pamoja na pesa taslimu, pauni 5,429 ukihesabu kwa Kiingereza. Mimi nikiwa na miaka 12 nilikuwa nimekabidhiwa jembe na mbuzi mmoja, kwa hivyo siwezi kukwambia ilihisi vipi.

Miaka mitatu baadaye, 1859, kipindupindu kikamchukua Jilfidan. Salme akarithi mashamba matatu ya mama yake. Sasa ni msichana wa miaka 15, hana baba, hana mama, ana mashamba, ana watumwa wa kuyalima, na ana vito. Nitakwambia ukweli, hapa ndipo huwa nasita. Mimi ni mtoto wa nchi ya chai. Najua jani linachunwa na mkono wa nani, na herini zinavaliwa na nani. Karafuu iliyonunua dhahabu ya Salme ilichumwa na watu waliokamatwa bara wakavushwa bahari. Mama yake mwenyewe alinunuliwa. Na bado Salme, alipokuja kuandika kitabu chake akiwa mtu mzima, aliutetea utumwa, akasema ule wa Waarabu haukuwa mbaya kama Wazungu walivyodai. Mji wa Hamburg uliita uwanja mmoja kwa jina lake mwaka 2019, na mwaka uliofuata wakaamua kuliondoa kwa sababu ya maneno hayo. Unaweza kumhurumia mtu na bado ukamkatalia jambo. Tuendelee.

Baada ya mama kufa, Salme alikuwa mpweke, na mtu mpweke hufuata anayempenda. Khole alikuwa upande wa kaka yao Barghash, ambaye alitaka kumpindua Majid. Salme akaingia njama hiyo kwa ajili ya Khole. Na alikuwa na kitu ambacho wanawake wenzake wengi hawakuwa nacho. Alijua kuandika. Wasichana wa jumbani walifundishwa kusoma Kurani tu, lakini yeye alijifunza kuandika kisirisiri, akiiga herufi za msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Kwa hivyo binti wa miaka 15 akawa katibu wa mapinduzi. Aliandika barua usiku, akiwaita machifu, akiagiza silaha. Jeshi la Majid lilipoizingira nyumba ya Barghash, dada hawa walitoka usiku na watu wao, wakaingia ndani, wakamvalisha Barghash mavazi ya kike, wakamtoa akiwa amefunikwa shela hadi machoni. Wanajeshi hawakuthubutu kuwagusa mabibi wa nyumba ya Sultani. Ukiniuliza, hiyo peke yake inatosha filamu.

Njama ilishindwa lakini. Waingereza walimsaidia Majid, Barghash akapelekwa Bombay kwa miaka miwili. Majid, kwa upole wake, hakuwaadhibu dada zake. Lakini Salme alikuwa amemsaliti mtoto wa Sara, yule ambaye mama yake aliapa kumlea. Usisahau hilo.

Kisha akaenda kuishi mashambani, Kizimbani na baadaye Bububu, pwani. Siku moja Majid akamwomba aachie ile nyumba ya Bububu ili akae balozi wa Uingereza. Salme akakubali. Alikuwa anatafuta namna ya kuomba radhi, na nyumba ndiyo ilikuwa radhi yenyewe. Majid alifurahi. Khole na Barghash walikasirika hivi kwamba hawakutaka kumwona tena. Zawadi moja, ikamrudisha kwa kaka na kumtoa kwa dada. Hata sisi huku, ukimpa shangazi mmoja sukari kilo mbili, yule mwingine atajua kabla hujafika stendi.

Akarudi mjini akiwa amepoteza kipenzi chake. Jirani yake alikuwa Mjerumani mmoja, Rudolph Heinrich Ruete, mfanyabiashara kutoka Hamburg. Nyumba zao zilitazamana. Yaliyofuata unaweza kuyakisia. Salme akapata mimba, na kwa binti wa Sultani aliyeshika ujauzito wa Mkristo, hatari ilikuwa ya kufa. Usiku mmoja wa Agosti 1866 akashuka ufukweni akapanda meli ya kivita ya Uingereza, Highflyer, ikampeleka Aden. Mtoto alizaliwa huko Desemba. Tarehe 30 Mei 1867, baada ya Ruete kufika, Salme alibatizwa, akaitwa Emily, akaolewa siku hiyo hiyo. Mtoto wao akafa njiani wakivuka Ufaransa. Haya nimeyaandika haraka kwa sababu yeye mwenyewe aliyapita haraka. Kuna mambo mtu hayasemi mara mbili.

Sasa sikiliza hili, ndilo lililonifanya nikae chini niandike. Shamba halipandi meli. Nyumba ya Bububu, miti ya karafuu, vyote vilibaki Unguja. Lakini kuna picha yake maarufu iliyopigwa Hamburg baada ya kufika, itafute kwenye simu yako. Amevaa mavazi ya kwao, nguo zilizotariziwa, mtandio kichwani, mikufu kifuani, vikuku miguuni. Yuko Ujerumani, kwenye baridi, mbele ya kamera ya Mzungu, na amejipamba kama siku ya Idi. Hiyo ndiyo faida ya kito. Urithi wa kisheria unahitaji kadhi, mashahidi na kaka anayekutambua. Kilicho mkononi mwako kinahitaji mkono tu.

Hamburg alizaa watoto watatu, Antonie, Rudolph na Rosalie. Mwezi Agosti 1870 mumewe alianguka akijaribu kuruka kutoka kwenye tramu ya farasi, akafa. Salme alikuwa na miaka 25, watoto watatu wadogo, Kijerumani chake bado cha kuokoteza. Pesa zikapungua haraka. Akahama mji baada ya mji, Dresden, Rudolstadt, Berlin, akifundisha Kiarabu na Kiswahili ili watoto wale. Yule aliyekuwa akigawiwa hariri na matowashi sasa alikuwa anahesabu makaa ya mawe.

Na huko nyumbani watu walikuwa wanakufa, mmoja baada ya mwingine. Majid alikufa mwaka huo huo wa 1870, na Barghash akawa Sultani. Khole naye akafuata. Kila ndugu asiye na mtoto alipofariki, mali iligawanywa kwa ndugu waliobaki, na kila mara Salme alirukwa. Sheria ilikuwa wazi. Asiye Mwislamu harithi kutoka kwa Mwislamu. Barghash hakuhitaji kuvunja sheria ili kumnyima dada yake, alihitaji kuifuata tu. Yule Barghash aliyetolewa nyumbani akiwa chini ya shela, unamkumbuka? Aliyeandikiwa barua na msichana wa miaka 15? Ndiye huyo huyo.

Alijaribu. Mwaka 1875 Barghash alitembelea London, Salme akasafiri kwenda kumwona. Waingereza wakamzuia. Bartle Frere alimshawishi asimkaribie kaka yake, kwa ahadi kwamba watoto wake watasaidiwa. Akakubali kwa ajili ya watoto. Barghash akarudi kwao, na ahadi ikayeyuka, kwa kisingizio kwamba yeye si Mwingereza bali ni raia wa Ujerumani. Agosti 1885 akarudi Zanzibar na meli za kivita za Ujerumani. Bismarck alikuwa anataka ardhi ya Afrika Mashariki, na madai ya mirathi ya mjane yalikuwa kisingizio kizuri. Wajerumani walipopata walichotaka kwa Barghash, habari ya mirathi ikaisha. Alipewa nafasi ya kupokea pesa kidogo, akazikataa. Alirudi tena mwaka 1888, hakupata kitu.

Lakini 1885 kuna jambo lilitokea mitaani. Watu wa kawaida walimfuata akitembea, wakamsalimia kwa jina lake la zamani, wakamwita Bibi. Mji haukuwa umesoma barua za mawakili.

Kati ya safari hizo mbili, mwaka 1886, alichapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani huko Berlin, kitabu ambacho bado kinasomwa. Ndani yake amemweleza mama yake kwa upendo, na Khole pia, pamoja na ule ugomvi wao wote. Halafu akaenda kuishi Mashariki ya Kati, miaka mingi akiwa Beirut, hadi karibu na Vita vya Kwanza vya Dunia. Alifariki Jena, Ujerumani, tarehe 29 Februari 1924, akiwa na miaka 79, akazikwa Ohlsdorf, Hamburg, kando ya mumewe. Katika vitu vyake walikuta kifuko kidogo cha mchanga wa ufukwe wa Zanzibar. Wakamzika nacho.

Nilimsimulia shangazi wa tatu haya yote kwa simu mwezi uliopita, na bando ikaisha mara mbili. Kuhusu Barghash alitoa neno moja ambalo mhariri atalikata. Kisha akaniuliza hali ya ng'ombe.

Herini za kogo bado ziko kwa kabati ya mamangu, zimefungwa kwenye leso. Desemba shangazi wote wanakuja.